Kipimo kimesema hana malaria na daktari kakataa kutoa dawa, je anamtibu mtoto au anatibu kitabu?

"Shikamoo daktari. Nina mtoto wa kike miaka miwili na miezi saba, kilo 12, tupo kijiji cha kando ya ziwa huku kusini mwa Ujiji. Homa ilianza juzi usiku, inapanda inashuka, anakohoa na kamasi zinatoka, chakula hataki ila maji na uji mwepesi anakunywa. Jana asubuhi nikampeleka zahanati wakamtoboa kidole wakasema hana malaria, kijana aliyekuwepo akaandika panado tu. Nikamwomba dawa ya malaria au hata dripu maana mtoto amelegea, akasema gaidilaini hairuhusu. Jioni shemeji akatupeleka maabara ya mtaani wakapima damu na mkojo wakasema taifodi ipo na UTI ipo kidogo, wakaandika sindano za siku tano, pesa sina kwa hiyo sijaanza. Mama mkwe anasema zamani kila homa ya mtoto walipewa dawa ya malaria na watoto walipona, na ndani nina vidonge vya mseto, hizi dawa za malaria, vilivyobaki vya kaka yake. Nimpe? Na hivi daktari anamtibu mtoto au anatibu kitabu?"

Marahaba mama, na pole sana kwa kuuguza. Nitajibu yote ila kuna moja haliwezi kusubiri, umeandika mtoto amelegea. Kuna mtoto ambaye homa ikipanda analalia bega lako, hataki kucheza, lakini ukimpa panado na homa ikashuka anakaa, anakutazama, anadai kitu, anataka kushuka chini. Huyo amechoshwa na homa. Na kuna ambaye hata homa ikishuka hakuangalii, ukimwita hageuki, ukimwamsha anafungua macho kidogo anarudi kulala, ukimnywesha maji yanamwagika pembeni ya mdomo. Kama wako ni huyu wa pili usimalize kusoma, mbebe muondoke sasa hivi hata kama ni usiku. Hivyo hivyo akipata degedege, akitapika kila anachomeza, akishindwa kunywa kabisa, shingo ikikaza, akivuta pumzi huku kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu, viganja vikipauka, au mkojo ukitoka wa rangi ya kahawa. Umesema maji na uji anakunywa kwa hiyo naendelea nikiamini ni yule wa kwanza, ila wewe ndiye uliye naye, mwangalie tena sasa hivi kabla hujaendelea.

Sasa hicho kitabu, yaani hiyo gaidilaini. Wengi wanaamini mwongozo wa matibabu ni amri imetoka Wizarani ili kubana dawa, na daktari anayeufuata anaogopa kusemwa. Ukweli ni kwamba gharama inaangaliwa, sitakuficha, watu wanaoandaa orodha ya dawa za nchi wanalinganisha dawa mbili zinazofanya kazi sawa wanachagua ile ambayo nchi inaimudu. Ndio maana mwongozo wetu wa taifa wa matibabu, toleo la 2021, umefungwa pamoja na orodha ya dawa muhimu, na kila dawa imeandikwa ngazi yake, A, B, C na kuendelea, kuanzia zahanati mpaka hospitali za kibingwa. Dawa usiyoikuta zahanati mara nyingi haikufichwa, imepangwa kwa ngazi ya juu ambako kuna watu na vifaa vya kuitumia salama. Lakini dawa ya malaria sio ya kubaniwa hata kidogo, ipo zahanati zote, na kwa umri wa mwanao sera inasema huduma ni bure kwenye vituo vya serikali. Yule kijana hakuwa anaokoa hela ya mtu.

Kinachoandikwa humo kinaanza na swali dogo sana, kwa mfano mtoto mwenye homa ambaye kipimo cha malaria kimesoma hana, tukimnyima dawa ya malaria anapata madhara au hapati? Watu wanakusanya tafiti zote zilizojibu swali hilo, wanaangalia zilifanywa vizuri au ovyo ovyo, zilihusu watoto wangapi, kisha jopo linakaa linaamua, na kwenye miongozo ya WHO kila pendekezo linaandikwa kama uhakika wake ni mkubwa au ni mdogo. Wajumbe wanatakiwa waseme wazi kama wana maslahi na kampuni yoyote ya dawa. Na kwa watoto chini ya miaka mitano kuna utaratibu wake maalum ulioandaliwa na WHO na UNICEF miaka ya 1990, Tanzania tulikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuuanza, unaitwa IMCI, na huo ndio yule kijana alitakiwa kuufuata kwa mwanao.

Kwa nini tusimwachie tu daktari macho yake na uzoefu wake? Hapa naomba unisikilize vizuri maana inahusu ile dripu uliyoomba. Kwa miaka mingi mtoto akija na homa kali, mikono na miguu ya baridi, mapigo ya moyo yanakimbia, sisi madaktari tulikuwa tunaona jambo liko wazi kabisa, damu haizunguki vizuri kwa hiyo mwekee dripu ya haraka haraka, maji yaingie mengi kwa muda mfupi. Ukimtazama mtoto unaona kabisa anapata nguvu. Halafu ukafanyika utafiti Kenya, Uganda na hapa Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wa namna hiyo, matokeo yakatoka 2011. Waliopewa dripu ya haraka, kati ya kila 100 zaidi ya 10 walikufa ndani ya saa 48. Ambao hawakupewa hiyo ya haraka, walifariki kama 7. Yani kitu ambacho kila daktari mzuri mwenye huruma alikuwa anakifanya, kilikuwa kinaongeza vifo, na hakuna daktari hata mmoja angeweza kuligundua hilo kitandani kwake, kwa sababu anamuona mtoto mmoja mmoja, akipona anasema dripu imemponya, akifa anasema alichelewa kuletwa. Mpaka uwaweke watoto maelfu pamoja uhesabu. Naomba nisieleweke vibaya, mtoto aliyekauka maji kwa kuhara na kutapika ni habari nyingine kabisa, huyo anahitaji maji na asipopata anakufa, na utafiti ule haukuwachukua watoto wa kuharisha. Mwanao anakunywa mwenyewe, haharishi, dripu haimsaidii chochote. Mnyweshe tu.

Mama mkwe wako nataka nimtetee kidogo kwa sababu anachokumbuka ni kweli tupu. Zamani mwongozo wenyewe ulisema hivyo hivyo, kwenye maeneo ya malaria nyingi mtoto chini ya miaka mitano mwenye homa apewe dawa ya malaria bila kupimwa, kwa sababu hadubini hazikuwepo zahanati na malaria ilikuwa inaua haraka. Na dawa zenyewe zimebadilika akiwa anaona, klorokwini ikaacha kufanya kazi, 2001 nchi ikahamia dawa nyingine iitwayo SP, nayo ikachoka, 2006 ndio tukaanza mseto. Vipimo vya kidole vilipoenea, WHO 2010 wakasema kila homa ipimwe kwanza kabla ya dawa. Kwa hiyo mkwe hajakosea kuhusu zamani, ila sababu iliyofanya zamani wafanye vile imeondoka.

Na kuondoka kwake kuna maana kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Dar es Salaam na Ifakara walifuatilia watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki, wakawapima kila kitu kinachopimika, matokeo yakachapishwa 2014. Malaria ilikuwa kama mtoto mmoja kati ya kumi. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mafua, koo, kifua, na kwa jumla karibu watoto saba kati ya kumi walikuwa na virusi, vitu ambavyo sindano haiviui. UTI ilikuwa asilimia 5.9 na taifodi asilimia 3.7. Huku kwetu Kigoma na jirani zetu Tabora malaria ni nyingi kuliko Dar, wote tunajua, kwa hiyo usichukue ile ya mmoja kati ya kumi ukaileta huku kama ilivyo. Ila hata huku kipimo kikisoma hana, homa ina sababu nyingine, na ukimpa mseto ukaridhika hiyo sababu nyingine inaendelea kimya kimya. Hapo ndipo watoto wanapotea, nimonia inatibiwa kama malaria siku tatu nzima.

Kipimo chenyewe kinafanyaje kazi. Tone la damu ya kidole linachukuliwa, ile karatasi ya ndani inanasa protini inayotolewa na mdudu wa malaria, baada ya dakika kama 15 hadi 20 unasoma mistari. Mstari mmoja kwenye alama ya C maana yake kipimo ni kizima na mdudu hakuonekana, miwili maana yake yupo, na kama pale kwenye C hapana mstari kipimo kimeharibika, kirudiwe. Una haki ya kuomba uonyeshwe. Kina udhaifu wake, homa ikiwa changa na wadudu bado wachache sana kinaweza kuwakosa, na upande wa pili kinaweza kuendelea kusoma anayo kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona kwa sababu ile protini inabaki kwenye damu.

Je kumnyima dawa mtoto aliyesomeka hana ni salama? Hilo nalo limepimwa hapa hapa nchini, Dar na Ifakara tena, watoto 1,000 chini ya miaka mitano, 603 kipimo kilisoma hawana na hawakupewa dawa ya malaria, wakafuatiliwa siku saba. Hakuna hata mmoja aliyepata madhara ya malaria iliyokosewa. Lakini sikia sehemu ambayo watu wanairuka, watatu kati yao waliporudi kituoni kwa sababu mama zao waliona hawaendelei vizuri, kipimo kilisoma wanayo. Walirudi, wakapimwa tena, wakapata dawa. Usalama wa kutokutoa dawa umesimama juu ya mama kurudi.

Na hapa ndio nasema malalamiko yako nusu ni ya haki kabisa. Mwongozo haukusema "kipimo kimesoma hana, mpe panado aende". Unasema mtoto avuliwe nguo, daktari ahesabu pumzi, aangalie masikio, koo, shingo, viganja, amuulize mama kuhusu kuhara na chanjo, atafute homa imetoka wapi, halafu amwambie mama dalili gani zikitokea arudi mara moja, na kama homa haijaisha baada ya siku mbili tatu arudi apimwe upya hata kama hakuna dalili mbaya. Kama yule kijana alifanya hayo yote akasahau kukueleza, amekosa kwenye kukueleza. Kama aliangalia karatasi ya kipimo tu akaandika panado, basi kafuata mstari mmoja akaacha ukurasa mzima, na kusema "gaidilaini hairuhusu" hapo ni kumtukana mwongozo wa watu. Najua zahanati ina mtumishi mmoja na foleni ipo mpaka nje, nawaheshimu sana wanaofanya kazi hiyo, lakini kuhesabu pumzi ni dakika moja.

Hata wewe unaweza. Subiri akiwa ametulia au amelala, asiwe analia wala ananyonya, mfunue nguo tumbo na kifua vionekane, weka saa ya simu dakika moja kamili, hesabu kila tumbo likipanda. Sio nusu dakika ukazidisha, watoto pumzi zao zina vituo, dakika kamili. Kwa umri wake, mwaka mmoja hadi chini ya mitano, zikifika 40 au zaidi na anakohoa, hiyo inahesabika nimonia mpaka daktari aseme vingine, anahitaji amoksilini ya kunywa, na kifua kikibonyea ndani anahitaji hospitali. Homa kali peke yake inaongeza kasi ya pumzi kwa hiyo ukiweza hesabu tena homa ikishashuka, ila usitumie hilo kama sababu ya kukaa nyumbani.

Kuhusu taifodi na UTI ya kule maabara. Kile kipimo cha damu cha taifodi kinachofanywa mitaani kinatafuta kinga ya mwili, na kinga hiyo inaweza kuwepo kwa sababu ya maambukizi ya zamani au ya wadudu wengine wanaofanana, kwa hiyo kusoma "ipo" mara moja hakuthibitishi kitu, kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu na hicho kiko hospitali kubwa. Mtoto wa siku mbili za homa, kikohozi na kamasi, mimi taifodi isingekuwa kwenye mawazo yangu ya mwanzo. UTI siipuuzi hivyo hivyo, mtoto wa kike umri huu anaweza kuwa nayo kweli, lakini inategemea mkojo ulichukuliwaje. Kama ulikingwa kwenye kopo lililokuwepo tu bila kumsafisha, "ipo kidogo" haina maana. Msafishe kwa maji, umkinge mkojo wa katikati kwenye chombo safi walichokupa wao, upimwe ukiwa wa moto moto. Ikithibitika, mara nyingi kwa mtoto anayekunywa dawa ya mdomo inatosha.

Zile sindano za siku tano usizianze kabla hajaangaliwa tena, na silisemi hilo kwa sababu huna pesa. Nyingi za hizo zinazoandikwa siku hizi ni seftriaksoni, dawa nzuri sana, WHO wameiweka kwenye kundi la dawa za kuangaliwa kwa makini, na sisi hospitali tunaitegemea kwa homa ya uti wa mgongo na mtoto mahututi. Ikichoka kwa kutibu mafua hatuna nyingi nyuma yake. Halafu sindano ya tako kwa mtoto wa kilo 12 ikipigwa vibaya inagusa mshipa mkubwa wa fahamu, watoto wanaishia kuburuta mguu. Mimi kila nikisikia sindano tano kwa mtoto anayeweza kumeza, naumia.

Vidonge vya kaka yake usimpe. Kwanza vikibaki maana yake kaka yake hakumaliza dozi, na hilo mama lisirudiwe. Kilo 12 dozi ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku kwa siku tatu, vidonge sita, cha pili saa nane baada ya cha kwanza, na vilivyobaki ndani haviwezi kukuhakikishia hivyo sita na huenda vimeshaisha muda. Na ukimpa nusu leo, kesho akipimwa utakuwa umevuruga picha yote. Tena jirani zetu hapo Kagera wataalamu wameshakuta vimelea vya malaria vinavyoanza kuizoea dawa ya aina hii, kwa hiyo kila dozi ya nusu nusu huku magharibi ni hatari kwetu sote. Ikitokea kesho kipimo kikasoma anayo, hapo mpe dozi yote bila kuruka, na umpe chakula chenye mafuta kidogo, maziwa au mboga yenye mawese inatosha kabisa, kwa sababu moja ya dawa mbili zilizomo humo haifyonzwi vizuri tumboni bila mafuta. Akitapika ndani ya saa moja arudishiwe.

Daktari anaruhusiwa kutoka nje ya mwongozo, na wakati mwingine anatakiwa, ila aandike na aseme kwa nini. Mtoto mwenye siko seli akipata homa hatungoji, anaanzishiwa antibayotiki mapema. Mwenye utapiamlo mkali, anayeishi na VVU, kichanga chini ya miezi miwili, hao homa yao haina "subiri tuone", kichanga wa umri huo mwenye homa ni rufaa siku hiyo hiyo. Kama mwanao ana mojawapo na hukuliandika, kila nilichosema juu ya kusubiri kifute, nenda leo. Kama kwenye ukoo wenu au wa baba yake kuna siko seli na yeye hajawahi kupimwa, mwambie daktari neno hilo mlangoni kabisa.

Sasa hatua zako. Leo endelea na panado, kwa kilo zake ni miligramu 120 hadi 180 kwa mara moja, isizidi mara nne ndani ya saa 24, na soma chupa maana sirapu hazifanani, nyingi zina miligramu 120 kwa kijiko cha mililita 5 lakini sio zote. Maji, uji, ndizi ya kuponda, kidogo kidogo mara nyingi. Mpunguzie nguo, usimfunike blanketi. Kesho asubuhi homa ikiwa bado ipo rudi zahanati ile ile, beba kadi ya kliniki, majibu ya maabara, na hivyo vidonge vya mseto uwaonyeshe. Sema homa ina siku tatu sasa, omba kipimo kirudiwe, omba wahesabu pumzi. Ukiona wanakataa hata kumvua nguo, nenda kituo cha afya, usiende maabara ya mtaani. Na homa ikivuka siku saba kwa vyovyote vile aende hospitali, ya wilaya au ile ya mkoa ya Maweni, hata kama anacheza.

Na kwa sababu mpo kijiji cha ziwani nataka ulijue hili kabla halijakukuta. Usiku akipata dalili za hatari na boti mpaka alfajiri, usiende moja kwa moja ufukweni ukakae kungoja, mgongee mtumishi wa zahanati. Kama kuna wasiwasi wa malaria kali anaruhusiwa kumchoma dozi ya kwanza ya atesuneti papo hapo kabla ya rufaa, au kumwekea ile ya njia ya haja kubwa kwa mtoto chini ya miaka sita kama sindano haiwezekani, na imo ndani ya mwongozo ule ule. Dawa hiyo ndiyo iliyochukua nafasi ya kwinini baada ya utafiti wa 2010 kwa watoto zaidi ya 5,000 wa Afrika kuonyesha inapunguza vifo. Mwombe akuandikie kwenye karatasi ya rufaa saa aliyompa na kiasi, ukifika hospitali uwape hiyo karatasi kabla hujaulizwa kitu kingine.